Mkono wa mama mkwe: kisa cha Jumamosi moja Chavakali

Kisa hiki nimekisimulia kwa mdomo mara nyingi, na kila nikifika katikati msikilizaji hunikatiza: sasa mwenye makosa ni nani? Leo nakiandika chote, pamoja na sehemu zisizonipendeza, maana mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa kijana siku tulipokwenda kwao binti kuposa na kupatana mahari. Nilipewa kiti cha mbele kwenye matatu kwa sababu ya mvi, na kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyeuliza kama ninajua mila za watu tuliokuwa tukiwaendea. Hata mimi sikujiuliza.

Kijana ni jirani yangu hapa Nakuru. Baba yake ni Mtaita aliyefanya kazi bandarini Mombasa mpaka akastaafu, ndipo wakahamia huku. Kijana mwenyewe amekulia Kisauni, huko huko Mombasa, ukuta kwa ukuta na familia ya Waswahili, na bibi wa nyumba ile ndiye aliyemfunza adabu zaidi ya mama yake mzazi. Akimkuta mzee hainui mkono kama anayemwita makanga. Huinama, husema shikamoo, huuchukua mkono wa mzee na kuubusu. Mimi pia hunifanyia hivyo, na sitadanganya, napenda. Vijana wengine wa mtaa wetu hunipigia honi ya boda boda na kusema "sasa mwalimu", basi wamemaliza.

Binti ni Mmaragoli. Kwao ni mwendo mfupi kutoka soko la Chavakali, kaunti ya Vihiga, na ni watu wa kanisa la Marafiki, lile ambalo wamisionari wa Quaker walilianzisha Kaimosi mwaka 1902. Nilipoambiwa ni nyumba ya kanisa nilitulia. Nikajiambia, hawa wamesali zaidi ya miaka mia moja, mambo ya zamani watakuwa wameyaacha. Basi maandalizi yangu yote yakawa ya ng'ombe. Nilisoma hata Sheria ya Ndoa ya 2014, nikapigia mstari pale inaposema kwamba kiasi kidogo tu cha mahari kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, ili wakitaja ng'ombe kumi na tatu niwe na la kujibu. Hayo ya ng'ombe yalikwisha kwa nusu saa. Kilichotukwamisha hakimo katika sheria yoyote.

Wamaragoli, kama Waluhya wengine wengi na majirani zao Wajaluo, wana heshima ya pekee kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake hata ikibidi kuingia shambani kwa watu. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza. Wako mama wakwe wanaosalimiana na wakwe zao mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, na wako ambao uzito huo hupungua zawadi zikishatolewa au wajukuu wakishazaliwa. Kila boma lina kipimo chake. Cha boma hili sikukiuliza, ingawa ndani ya matatu yetu tulikuwa na mzee mmoja wa Butere, Mluhya mwenyewe, ambaye angenieleza kabla hatujafika Mau Summit. Tulimketisha kiti cha nyuma kabisa, pamoja na masufuria.

Tuliahidi kufika saa tano asubuhi. Safari ni kama kilomita mia mbili, kupitia Kericho, Ahero na Kisumu, kwa hiyo tulipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tuliondoka saa mbili kasoro robo. Shangazi wa kijana, anayekaa Lanet, alikuwa bado anasukwa. Tukiwa Ahero, kabla hata ya kufika Kisumu, nilipiga simu, nikasema, "Tumekaribia." Kila mtu anajua Ahero iko wapi na Chavakali iko wapi, lakini ukishachelewa ulimi hujitafutia pa kujificha. Kondele tulikuta msongamano, Mamboleo tukajaza mafuta, na Majengo dereva akashuka kununua ndizi. Tuliingia saa saba na robo.

Neno hilo "tumekaribia" ndilo lililofanya kazi kuliko yote niliyosema siku hiyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba mama wa binti alikuwa amepangiwa kukaa kwa jirani mpaka sisi tuingie sebuleni na kuketi, ili asipishane na mkwe uani. Aliposikia tumekaribia, akaenda. Akakaa huko saa nzima na zaidi, hakuna wageni. Kuku wako motoni, wasichana waliobaki ni wadogo, ugali haujasongwa. Akarudi jikoni kuangalia mara moja tu.

Tulipangwa langoni: wazee mbele, kijana katikati, akina mama na vikapu nyuma. Mabinti wa boma wakatupokea kwa wimbo, vigelegele vikapanda, shangazi wa Lanet akajibu kwa vyake, na kwa kweli vilikuwa vizuri. Jiko lilikuwa upande wa kushoto, kijumba cha mabati chenye moshi unaotokea chini ya paa. Mlangoni pake alisimama mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, mkono wa kulia anaufuta kwa leso, wa kushoto umeshika mwiko wa ugali. Alikuwa ametoka kutazama kelele ni za nini. Kijana alimtambua kwa picha alizowahi kuonyeshwa. Na wiki ile ile binti alikuwa amempigia simu akamwambia, "Mama yangu umheshimu sana."

Akamheshimu. Alitoka kwenye mstari, akapiga hatua kama sita, akainama, "Shikamoo mama," akauchukua ule mkono wa kulia na kuupeleka mdomoni.

Mama aliuvuta kama aliyegusa sufuria ya moto. Akauficha mgongoni, akageuza uso ukutani, akaingia jikoni na kuvuta mlango. Mwiko ukabaki chini kwenye vumbi. Kiswahili nacho kina ucheshi wake, kwamba kilichoanguka na kilichovunjwa pale vina jina moja. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, na aliye nyuma kabisa, ambaye hakuona kitu, akaendelea peke yake kwa muda hadi alipojisikia.

Nyuma yangu shangazi wa Lanet alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kwani mkono wa mtoto wetu una ukoma?" Upande wa pili mzee mmoja alitikisa kichwa na kusema neno la Kimaragoli ambalo sikulielewa, ila sura niliielewa. Kwa hiyo katika muda wa kufumba na kufumbua pande mbili zilikuwa zimetukanwa, na hakuna aliyemtukana mwenzake.

Kijana alitaka kumfuata jikoni akaombe radhi. Nilimshika koti kwa nyuma, nikamvuta. Siku nzima ile hilo ndilo jambo moja nililofanya sawa, na nililifanya kwa woga tu, si kwa maarifa. Mzee wa Butere aliniambia baadaye kwamba angeufungua ule mlango tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Sisi tumezoea kwamba aliyekosa ndiye aende kwa aliyemkosea, uso kwa uso. Hapa uso kwa uso ndio uliokuwa kosa lenyewe. Msamaha ulipaswa kupita kwa watu wengine, njia ile ile ambayo salamu ingepita.

Tuliingizwa sebuleni, tukaombewa, tukapewa soda. Msemaji wa wenyeji alikuwa baba mdogo wa binti, mtu mpole, fundi wa mbao, vidole vyake viwili havina kucha. Alianza kututambulisha watu wake kwa utaratibu mzuri, nikaanza kuamini kwamba litapita. Kisha simu yake ikaita. Akaitazama, akatoka nje. Aliporudi hakutabasamu tena.

Mmoja wetu, na ni wetu, mpwa wa kijana, alikuwa anarekodi mapokezi. Aliituma video hiyo kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi kabla hata hajaketi. Kundi hilo tulikuwa tumewaweka watu wa pande zote mbili ili kuchangishana na kupanga usafiri. Kaka mkubwa wa binti yuko Qatar kikazi, yumo kundini, na aliona sekunde kumi na nne za mama yake akishikwa mkono na mkwe mbele ya umati, chini yake mtu ameweka vikaragosi vitatu vya kucheka. Yeye ndiye aliyepiga. Alitaka turudishwe. Sina la kumlaumu. Mwana aliye mbali vile huona kipande tu, na tulichompa ni kile kibaya zaidi. Kijana wa video alipoulizwa alisema alidhani ni jambo la kuchekesha. Alifuta, lakini umri wa video kwenye simu za watu mnaujua.

Kwa desturi ya pale mazungumzo hutangulia na chakula hufuata. Kwa kuwa tulichelewa, waliamua tule kwanza. Nikaletewa sahani ya kuku kama msemaji, na hapo nikafanya kosa lingine, la kimya. Nimeishi na Waluhya wengi kwenye shule nilizofundisha, najua firigisi, imondo kama wanavyoiita wenyewe, ni ya mtu wa heshima. Nikageuza vipande kwa kijiko polepole. Paja lipo, kidari kipo, shingo ipo. Firigisi hakuna. Nikamtazama mzee wa Butere, naye alikuwa ameshaiangalia sahani yangu kabla yangu. Alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaamini tumeshahukumiwa: hawa watatulisha kwa adabu kisha watatuaga kwa adabu, na ng'ombe wetu tutarudi nao Nakuru.

Niliinuka nikaomba tuongee kando. Tulikwenda wanne chini ya mparachichi nyuma ya nyumba: mimi na mzee wa Butere, baba mdogo na dada yake mkubwa, yaani senge wa binti, kama shangazi anavyoitwa huko. Baba mdogo hakuzunguka.

"Mwalimu, mmekuja kuomba mtoto au mmekuja kumwaibisha mama yake?"

Nikamweleza kijana amelelewa wapi na kule mkono wa mzee hufanywa nini. Nilieleza kirefu, kama darasani. Aliniacha nimalize.

"Hayo nimeyasikia, na ni mazuri. Lakini kule kwao, mgeni hushika mkono wa mtu kabla ya kuuliza?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Mzee wa Butere ndiye aliyeokoa jahazi. Hakutetea, hakufafanua. Alivua kofia akasema kwamba tumekosa, kwamba kosa ni la wazee walioleta mtoto bila kumwonyesha njia, na kwamba kama kuna namna ya kumfunika mama, tuambiwe. Maneno matatu hivi, na mengine aliyaongeza kwa lugha yao. Senge akacheka kidogo. Hapo nikajua tumeponea.

Blanketi, wakasema. Tulikuwa na blanketi kwenye vikapu, zuri, zito, nikaanza kulitaja. Senge akakataa. Hilo ni la zawadi, lilikuja kabla ya kosa, haliwezi kufunika lililotokea baada yake. Liwe jipya, linunuliwe leo, kwa pesa ya mkononi mwa kijana mwenyewe, wala si ya kikapu cha mchango. Kijana akapanda boda boda na mdogo wake binti hadi sokoni Chavakali, akarudi na blanketi la shilingi 2,500 la maua mekundu ambalo nadhani angelichagua tofauti kama asingekuwa anatetemeka. Hakulipeleka jikoni. Alilikabidhi kwa senge kwa mikono miwili akiwa amesimama karibu na mparachichi, senge akaingia nalo. Tukasubiri. Hatimaye mlango wa jiko ukafunguliwa, wasichana wakaanza kutoka na chai, nasi tukarudi sebuleni kuhesabu ng'ombe.

Sasa lile swali. Wengi hunijibia kwamba kijana ndiye alikosa, kwa kuwa alitoka mstarini. Sikubali. Aliambiwa amheshimu mama sana, akatoa heshima kubwa kuliko zote alizo nazo. Binti naye alisema neno sahihi kwa lugha yake: kwao "mheshimu sana" maana yake ni kaa mbali. Walikuwa wamechumbiana miaka miwili na hawakuwahi kugundua kwamba neno hilo moja linawapeleka pande mbili tofauti. Mtu hufafanua anachoona ni kigeni. Hiki hakuna aliyekiona kigeni.

Wenyeji nao wana kipande chao, kidogo. Walijua tunatoka Nakuru na kwamba kijana si wa huku, na wangeweza kutuma neno moja. Baba mdogo alikiri hivyo mwenyewe jioni, bila kuulizwa. Lakini mgeni ndiye anayeingia kwenye boma la mtu, na mzigo wa kuuliza nauona ni wa anayeingia. Ningepiga simu wiki moja kabla nikauliza kijana asimame wapi, nani asisalimiwe kwa mkono, na zawadi zipokewe na nani, ingenigharimu dakika tano. Nilipiga simu tatu wiki hiyo, zote za idadi ya watu na chakula.

Kuchelewa kwetu nako watu hukuchukulia kama dosari ndogo ya pembeni, jambo la "saa za Kiafrika". Mimi naliweka juu kabisa. Wenyeji walikuwa wamepanga uani kwao kwa uangalifu ili aibu hii isitokee, na utaratibu wao ulikuwa umeshikwa na saa tano. Tulipouvunja muda tukavunja na kila kilichofungwa juu yake. Na lau ningesema ukweli, "tuko Ahero, tutachukua saa moja na nusu", mama angemaliza shughuli zake za jikoni kwa utulivu na kuondoka tena kabla hatujaingia. Shangazi wa Lanet, ambaye nywele zake ndizo zilizotuchelewesha, bado anasimulia jinsi alivyodharauliwa. Nimeacha kubishana naye.

Na ile firigisi. Jioni wakati wa kuagana, mioyo imelegea, nilimtania baba mdogo kwamba mwalimu amelishwa kuku asiye kamili. Aliduwaa. Akaingia ndani, akarudi na senge ambaye machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. Mama alikuwa ameitenga firigisi ya msemaji kwa mkono wake tangu asubuhi, ameifunika kwa bakuli juu ya kabati. Alipojifungia akiwa na uchungu, hakuwa wa kuulizwa kitu, wasichana wakapakua walichokiona sufuriani. Ilikuwa bado juu ya kabati. Ujumbe nilioutafuna nusu ya mlo mzima haukuwa umeandikwa na mtu yeyote.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Mama hatukumuona tena, na sasa nilielewa kwamba hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kijana aliketi kiti cha nyuma, karibu na mzee wa Butere, na nilimsikia akimuuliza maswali mpaka tukapita Kericho.

Wiki tatu baadaye makanga wa gari la Kisumu alinipigia nije stejini Nakuru nichukue mzigo. Ulikuwa jogoo wa kienyeji ndani ya kikapu cha makuti, miguu imefungwa kwa kitambaa cheupe, mzima, mwenye hasira. Senge alikuwa ametuma na ujumbe wa simu: mama mkwe anasema mwalimu achinje mwenyewe, atafute mwenyewe.